Jino la Wifi Bonifasia

Kaka yangu Protasi ana sauti nzuri ya kuanzisha wimbo kanisani, ana shamba la migomba lisilo na jani kavu hata moja, na ana kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia. Nayasema haya mapema asije mtu akadhani namsingizia. Nampenda. Nilimbeba mgongoni wakati mimi mwenyewe nilikuwa bado wa kubebwa. Lakini kwa yale yaliyotokea juu ya jino la mke wake Bonifasia, mpaka leo sijampa mkono, na sina haraka ya kumpa.

Mimi ni Eustakia, dada yake mkubwa. Niliolewa Biharamulo, kwa Wasubi, lakini kwetu ni Bukiriro, Ngara, na kwetu posa haifanyiki shangazi akiwa hayupo. Francisca, binti wa kwanza wa Protasi na Bonifasia, alikuwa anaposwa na kijana wa Nyamiaga, Benedicto, mtoto wa mzee Ildefonce. Wageni walikuwa waje Jumamosi. Mimi nikafika siku ya gulio, katikati ya wiki, nimekaa juu ya magunia ya lori lililokuwa linapeleka mahindi kambini Lukole, vumbi jekundu limenijaa mpaka kwenye kope. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Ukisimama barabarani, gari linalokuja ni la kambini, na ukitaka la kwetu utaota mizizi hapo ulipo.

Francisca alinipokea mzigo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

"Yuko jikoni. Jino linamsumbua kidogo."

Kidogo! Nilimkuta Bonifasia ameinama mbele ya mafiga, kanga ameifunga kuanzia kidevuni mpaka utosini, na shavu la kushoto limefura hata jicho la upande ule limebaki mstari. Mkononi ana kitambaa amekichovya kwenye maji ya moto yenye chumvi, anajikanda. Alinikaribisha kwa nusu ya mdomo, na bado akataka kusimama anipe kigoda.

"Kaa wewe," nilimwambia. "Hilo jino limeanza lini?"

"Linauma, linaacha, tangu tunavuna maharage. Uvimbe ndio umeanza juzi."

"Na umekwenda wapi?"

"Nimeweka karafuu. Nimeweka tumbaku. Juzi nikaweka na spiriti."

"Wifi, nimekuuliza umekwenda wapi, sijakuuliza umeweka nini."

Alijaribu kucheka, ikamuuma, akashika shavu. Kisha akanijibu maneno ambayo nimeyasikia tangu sijaota meno yangu mwenyewe: jino lililovimba haling'olewi. Mpaka uvimbe ushuke. Ukiling'oa na uvimbe wake, damu inapanda kichwani na mtu anakufa.

Hebu nikuulize. Ni nani huyo ambaye damu ilimpanda kichwani? Mimi nimezaliwa Bukiriro, nimeolewa Biharamulo, nimezika watu huku na huku, na huyo mtu sijapata kuonyeshwa kaburi lake. Kila ukiuliza unaambiwa ni mtu mmoja, kule. Lakini kila nyumba inamjua kama inavyojua Salamu Maria. Kwa hiyo jino likiwa linauma kidogo hatuendi kwa sababu ni kidogo, na likivimba hatuendi kwa sababu limevimba. Siku ya kwenda ni ipi? Hakuna. Tumejitungia kanuni isiyo na siku ya kwenda, halafu tunaiita busara ya wazee.

Jioni nilimngoja Protasi arudi shambani. Alinisalimia vizuri, shikamoo dada, habari za Biharamulo, shemeji mzima. Nikamwambia habari za Biharamulo tutazisikia baadaye, mke wako anatakiwa hospitali.

"Jino tu hilo," alisema.

"Lukole kuna tabibu wa meno kwenye hospitali ya kambi. Wanapokea hata watu wa vijijini. Lori nililokuja nalo lilishusha mama mmoja wa huku anakwenda hukohuko."

Aliweka jembe chini polepole, kama mtu anayejizuia asilitupe.

"Lukole? Mimi nikapange foleni nyuma ya watu waliokata mikaratusi yangu yote, wakanilia na mbuzi wangu? Nikavue kofia, niseme naombeni, nami niko kwenye wilaya yangu?"

Ni kweli mikaratusi ilikatwa. Mimi mwenyewe niliviona vile visiki, nikalia, maana baba ndiye aliyeipanda. Lakini mkaratusi ukikatwa unachipua tena, na nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mimi naishi Biharamulo, sijui walivyoteseka wao. Akaenda kuangalia rubisi yake, pombe ya ndizi ya posa.

Kesho yake sikumwomba mtu ruhusa. Nilimshika wifi yangu mkono, tukaenda zahanati taratibu, tukipumzika kila penye kivuli. Mganga wa pale alikuwa Luhende, Msukuma mrefu asiyepandisha sauti. Alimwambia Bonifasia afungue mdomo, akataka kupima kwa vidole, vikaingia viwili kwa taabu. Akambonyeza chini ya taya. Akamshika paji la uso.

"Homa unayo," alisema. "Mama, hapa kwangu hakuna wa kulitoa hilo jino, wala wa kuutoa huo usaha. Nakuchoma sindano na nakupa vidonge. Lakini dawa hii ni ya kukufikisha, haitamaliza kazi. Nenda hospitali."

"Uvimbe ukishuka nitakwenda," alisema Bonifasia.

"Uvimbe ndio sababu yenyewe ya kwenda. Jino linalouma tu unaweza kulisubirisha mpaka upate nafasi. Likivimba na ukapata homa, hakuna kusubiri tena. Na uvimbe huo ukishuka chini ya taya ukaja shingoni, au mdomo ukagoma kufunguka, au ukashindwa kumeza mate, au sauti ikabadilika, hapo usingoje kupambazuke, usimngoje mtu. Hapo kinachotafutwa si jino tena, ni pumzi."

Alituambia sote wawili, akarudia, akatutazama mpaka tukaitikia. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sisi watu wa vijijini hatukujua. Tulijua. Tuliambiwa kwa Kiswahili chepesi, mchana kweupe.

Nilipomwambia Protasi, hakubisha kuhusu ugonjwa. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Alisikiliza yote, mpaka lile la pumzi, akatikisa kichwa kuitikia, halafu akasema, "Jumamosi ikipita nitampeleka mwenyewe."

Ili uielewe hiyo Jumamosi, ujue posa ya kwetu inavyokaa. Chungu cha rubisi kinawekwa katikati ya sebule, mrija umechomekwa. Baba wa kijana anavuta kwanza. Baba wa binti anafuata. Kisha mrija unashikwa na mama wa binti, na hapo watu wote wananyamaza, kwa sababu yeye ndiye anayejibu. Haulizwi kwa mdomo. Akivuta, amekubali, na mrija unakuja kwa shangazi. Asipovuta, au asipokuwepo kwenye nafasi yake, mtoto amekataliwa, na wageni wanaondoka na walivyokuja navyo. Haya ndiyo mambo yetu, na mimi siyachukii. Mama yangu alinivutia mrija, na mpaka kesho naikumbuka furaha yangu. Lakini mila iliwekwa na watu wenye akili, na hao hao wangekuwa hai wangesema leo mama anaumwa, rudini wiki ijayo, rubisi nyingine itapikwa.

"Watume Nyamiaga," nilimwambia. "Waambie wasogeze siku."

"Rubisi imeshakamuliwa, dada. Inawezaje kungoja?"

Nikaondoka mbele yake, maana ningefungua mdomo ningemlaani, na laana ya dada mkubwa si maneno ya kuokoteza.

Ijumaa asubuhi uvimbe ulikuwa umevuka taya. Ulikuwa umeshuka chini ya kidevu, mgumu, na ulikuwa umeanza kuhamia upande wa kulia. Bonifasia aliongea kama mtu aliyefunikwa blanketi. Nilitoka mbio kwa jirani nikaazima baiskeli yenye kiti cha nyuma, na kijana wa kuiendesha, nikaileta mpaka mlangoni.

Akakataa kupanda.

"Wifi," alisema, na kila neno alilisukuma. "Nikiondoka leo, kesho sitarudi. Watasema mama mtu amekimbia."

"Waseme."

"Francisca ni mwanangu."

"Na wewe ni mama yake. Atakupata wapi mwingine?"

Akanipigapiga mkono, kama mimi ndiye mgonjwa. Nilimkasirikia na yeye, nisikufiche. Lakini hasira yangu ilipotulia kidogo niliona ilikuwa imekosea njia. Nani alimfundisha huyu mwanamke kwamba mwili wake ni wa mwisho kuhudumiwa nyumbani? Hakuzaliwa nalo. Akiumwa ng'ombe, hiyo hiyo asubuhi mtu anatumwa kwa bwana mifugo. Siku ile ya Ijumaa nilimwona Protasi akienda kwenye rubisi, anachota kidogo, anaonja, anakunja uso, anafunika, baada ya muda anarudi tena kuonja. Alitaka kujua imefikia wapi. Mdomoni mwa mke wake hakuchungulia hata mara moja.

Nilimwambia, "Njoo umwangalie. Njoo uone ulimi wake umeinuka." Akasema anakuja. Akaja mtu wa kuleta viti, wakaanza kuvipanga.

Jumamosi wageni walifika saa zao, kwenye pikapu ya mzee Ildefonce, ile aliyokuwa akibebea ndizi za kuuza soko la kambini. Ndiyo. Baba mkwe mtarajiwa alikuwa akienda Lukole kila wiki kufanya biashara, anajua mpaka majina ya walinzi, na kaka yangu hakuona aibu kumpa binti. Aibu yake ilikuwa kwenye foleni ya hospitali tu.

Walikaa. Salamu zikawa ndefu kama zinavyotakiwa. Bonifasia alikuwa kwenye nafasi yake, kwenye mkeka, amejifunika kanga mpya mpaka juu ya pua, macho tu ndiyo yanaonekana. Nyuma yake, mimi niliyekaa naye bega kwa bega nililiona, kulikuwa na kopo. Kila baada ya muda aligeuka pembeni akatema. Mate yalikuwa hayapiti tangu alfajiri. Hakuwa amekunywa hata maji. Alikaa wima, shingo ameisogeza mbele, na nikimsikiliza kwa karibu nilisikia pumzi yake inakwaruza.

Nilimnong'oneza, "Tunaondoka sasa hivi." Akanishika goti, akalikandamiza. Macho yake yalikuwa kwa Francisca, aliyesimama kwenye mlango wa ndani na gauni lake la maua.

Mzee Ildefonce akavuta mrija. Akasifu rubisi. Protasi akavuta, akafuta mdomo, akausogeza mrija kwa mke wake. Watu wakanyamaza.

Bonifasia akaupitisha mkono chini ya kanga, akauweka mrija kwenye midomo. Nilimwona anavuta. Kisha rubisi ikarudi yote, ikamwagika kwenye kanga mpya, ikatiririka mpaka kwenye mkeka. Akakohoa, nyingine ikatokea puani.

Sebule nzima ilikuwa imeona kitu kimoja tu: mama mtu ametema.

Mzee Ildefonce alichukua kofia yake pembeni. "Basi," alisema taratibu. "Mama amekataa. Tusigombane, tumeelewa."

"Hajakataa, mzee, kaa kwanza," Protasi akasema. Akamwinamia mke wake, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi niliisikia, na kila nikiikumbuka damu inanichemka: "Mama Francisca, vuta tena. Kidogo tu. Usiniaibishe."

Na yule mwanamke akanyoosha mkono kuuchukua mrija tena.

Nikaushika mimi, nikauvunja. Kisha nikaivuta ile kanga.

Hapakuwa na shingo. Kidevu kilikuwa kimeungana na kifua kwa uvimbe mwekundu unaong'aa, na mdomo uko wazi kidogo, ulimi umesukumwa juu, hauwezi kurudi. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Mzee Ildefonce alikaa chini bila kujua kwamba amekaa.

"Huyu hajakataa mtoto wenu," nilisema. "Huyu hawezi kumeza mate yake mwenyewe, na mumewe anampa rubisi."

"Dada," alisema Protasi, "mbele ya wageni..."

"Wageni ndio wenye gari. Ningemwambia nani?"

Benedicto ndiye aliyenyanyuka. Hakumtazama baba yake kuomba ruhusa. Alitoka, tukasikia pikapu inawaka. Nilimwinua Bonifasia upande mmoja, Francisca upande wa pili. Protasi alitufuata mpaka kwenye gari, na unajua aliuliza nini? Aliuliza kama hatuwezi kwenda hospitali nyingine, isiwe ile ya kambini.

"Baba, Lukole ndiyo ya karibu," Benedicto alimjibu, na akaondoa gari wakati kaka yangu bado ana mguu mmoja nje.

Mimi na Francisca tulikaa nyuma, tumemweka katikati. Mtu mmoja alikuwa ametutandikia mkeka ili tumlaze. Tulipojaribu kumlaza alipigana nasi kwa mikono miwili, na ndipo nilipofahamu kwamba akilala hewa inakatika kabisa. Tukamshikilia ameketi. Njia ilikuwa mashimo matupu. Wanawake wa kambini waliokuwa wanarudi na kuni vichwani walisogea kando kutupisha, mmoja akatua mzigo wake akapiga ishara ya msalaba. Francisca alikuwa anamwambia mama yake, "Mama, vuta, mama, vuta," neno lile lile la mrija, sasa ni la hewa. Na Bonifasia alivuta. Alivuta kwa nguvu zake zote, mabega yanapanda, mbavu zinaingia ndani, kwa mwendo wote ule. Kwa hiyo siku hiyo alivuta, kama mtu anataka kujua.

Mlinzi wa getini alituona, akainua kizuizi bila kuuliza. Hakuna aliyetuuliza sisi ni wakimbizi au si wakimbizi. Hakuna aliyetaka Protasi avue kofia. Wauguzi walitoka wakikimbia, wakampokea, na tabibu wa meno akaitwa, akaja na daktari mwingine, wakamwingiza ndani wakiwa wamemshikilia ameketi vilevile. Mlango ukafungwa.

Tulikaa kwenye benchi. Walikuwapo watu wengi, akina mama na watoto wao, na walisogea kutupa nafasi. Ndiyo ile foleni aliyokuwa anaiogopa kaka yangu.

Daktari alipotoka alikuwa bado na glavu mikononi. Alisema walitoboa koo ili hewa ipite, lakini moyo ulikuwa umeshachoka na ukasimama, na walipojaribu kuurudisha haukurudi. Francisca aliteleza kutoka kwenye benchi mpaka chini. Mimi sikulia. Nilikuwa na kazi nyingine.

"Daktari," nilisema, "mwambie huyu. Ni mume wake. Mwambie mbele yangu."

Tabibu wa meno ndiye aliyejibu. Alituuliza uvimbe ulishuka shingoni lini. Nikamwambia jana asubuhi. Akavua glavu zake, moja, halafu nyingine.

"Jana asubuhi mngemleta, tungeutoa usaha, tungelitoa na jino, na sasa hivi angekuwa anakunywa uji."

"Hata na ule uvimbe?" aliuliza Protasi. Sauti yake nzuri ilikuwa imekauka. "Ungeling'oa na uvimbe wake?"

"Ningeanza na huo uvimbe. Kwa ajili ya huo ndiyo mnatakiwa kuja."

Kaka yangu aliangalia mikono yake.

Tulimzika Jumatatu, kwenye migomba, karibu na baba. Watu walijaa, maana Bonifasia hakuwa na adui. Walikuja wa Nyamiaga, walikuja mpaka wanawake wa Lukole ambao alizoea kuwapa kibarua cha palizi na kuwatilia ndizi kwenye kikapu zaidi ya walizopatana. Na kama kawaida ya misiba, walikuja na maneno yao. Ni mapenzi ya Mungu. Siku zake zilikuwa zimefika. Mzee mmoja pembeni yangu akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamgeukia. Nilimwambia sikio lililokataa dawa lile pale, limevaa koti jeusi, lina afya tele, na aliyekufa ni mwingine kabisa. Akahama.

Katekista Anatoli alisimama kichwani pa kaburi. Ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Akasimulia maisha ya marehemu, wazazi wake, ubatizo wake, ndoa yake, watoto wake. Kisha akasema, "Dada yetu Bonifasia aliugua ghafla siku ya Jumamosi..."

"Hakuugua ghafla," nilisema.

Watu wakageuka.

"Eustakia," alisema kwa upole, "tuombe kwanza."

"Tutaomba. Lakini tusimdanganye Mungu, naye alikuwepo. Jino lilianza kumuuma tunavuna maharage. Hilo si ghafla. Akavimba uso, akapata homa. Hilo si ghafla. Tukaambiwa zahanati, nendeni. Tukangoja. Uvimbe ukashuka shingoni, mdomo ukakaza, sauti ikageuka, akawa anatema mate kwenye kopo kwa sababu hayapiti, na sisi tunapanga viti. Kila siku mwili wake ulitupigia hodi, na kila siku tulisema kesho. Ghafla iko wapi hapo?"

"Dada," Protasi alisema. Alikuwa amesimama na chepeo mkononi. "Tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani tulizungumza."

Aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekuja na mengine ya kumwambia, nimeyapanga usiku kucha, makali. Lakini nilipoinua macho nikawaona wanawake. Walikuwa wamekaa chini kwa safu, kama tunavyokaa msibani, kila mmoja ameshika tama, mkono shavuni, kanga imeteremka usoni. Safu nzima ya mashavu yaliyofunikwa.

"Toeni mikono mashavuni," niliwaambia.

Walitazamana. Walidhani nimechanganyikiwa na huzuni.

"Mimi ni shangazi wa nyumba hii na nimefiwa. Naomba. Toeni mikono mashavuni, wote."

Mmoja akatoa. Wengine wakafuata, kwa aibu, wakiweka mikono mapajani. Safu nzima ikabaki na nyuso wazi, isipokuwa mwishoni kule, karibu na mgomba. Alikuwa Anneth, mke kijana wa nyumba ya jirani, ndio kwanza ana mtoto mmoja. Yeye mkono wake haukushuka. Nilikwenda mpaka alipo, nikapiga magoti, nikauondoa mimi. Shavu lilikuwa limefura mpaka chini ya sikio. Lilikuwa la moto. Nikamwambia afungue mdomo, ukafunguka kidogo tu, ukagoma.

Mume wake akaja haraka, kijana mwenye heshima, akainama.

"Shikamoo shangazi. Tunalijua. Tulikuwa tunangoja uvimbe ushuke."

Alilisema hapo. Kaburi liko wazi, jeneza limo ndani, na alilisema hapo.

Sikumpiga. Namshukuru Mungu kwa hilo peke yake siku ile. Nilimwita Benedicto, nikamuuliza kama gari lina mafuta, akasema yapo. Nikamsimamisha Anneth.

"Shangazi," yule kijana alisema, "tumzike kwanza marehemu. Baada ya maziko nitampeleka mwenyewe."

"Marehemu hana haraka," nilimwambia. "Mlete mtoto wake, anyonyeshwe njiani."

Tukapita katikati ya watu, mimi na Anneth, Benedicto mbele anatufungulia njia. Mzee Ildefonce alituachia nafasi. Tulipofika mwisho wa migomba nikasikia kaka yangu ananiita.

"Dada, hujamtupia wifi yako udongo."

Nikamwambia atupe na wa kwangu, halafu nikampandisha Anneth kwenye gari.